Ulevi wa Kugawana Pande

Kaka yangu alikuwa mchukuzi pale Busia, upande wa Uganda, akishusha mahindi kwenye malori. Asubuhi moja ubao ulimteleza, akaanguka, na gunia la kilo 100 likamtua shingoni. Kliniki ya jirani wakampiga picha, wakaona ufa kwenye pingili ya shingo, wakamvisha kola na kumrudisha nyumbani na panadol. Mikono na miguu ilikuwa inafanya kazi. Tukamshukuru Mungu.

Siku chache baadaye mkewe akanipigia. "Shemeji, njoo umwone kaka yako. Anayumba."

Nilimkuta ameegemea ukuta, anatapika, anasema ananiona niko wawili. Sauti imemkauka, maji anayokunywa yanamtokea puani. Majirani walishahukumu: waragi, ile pombe kali ya Uganda. Na kaka hakuwa mgeni wa waragi, nani angebisha? Kiharusi tulichokijua sisi ni mdomo kupinda na mkono kulegea. Mdomo wake ulikuwa umenyooka, na alivyonishika bega niliumia.

Aliyeshtuka ni shemeji. Alipokuwa akimwogesha kwa maji ya moto aligundua mkono wa kulia hausikii joto kabisa, ilhali usoni ganzi iko kushoto. "Ulevi gani huu wa kugawana pande?" Jioni hiyohiyo tukakodi gari kwenda Kampala, karibu kilomita 200, tukipokezana kumshikilia kichwa kisitikisike. Msitu wa Mabira niliuona mrefu kuliko siku zote.

Huko walimdunga dawa ya kuonyesha mishipa, wakampiga picha ya CT, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Daktari, kijana tu, akatuchorea kwenye karatasi: kuna mishipa miwili ya damu inayopanda shingoni ikipenya vitundu vya pingili zenyewe, na hiyo ndiyo inayolisha ubongo wa nyuma. Ule ufa ulipita kwenye kitundu. Mshipa ukachanika kwa ndani, damu ikaganda pale, bonge likapanda kichwani. Ndiyo maana kiharusi kilichelewa kuja.

Akaanzishiwa aspirini. Mjomba alikuwa ameshaagiza mkandaji kutoka Tororo aje "kurudisha shingo". Daktari aliposikia alikunja uso, nami nikatoka nje kumpigia mjomba simu.

Kumeza kulirudi polepole. Sauti imebaki ya mikwaruzo, na sasa kaka anahesabu magunia ghalani badala ya kuyabeba. Jirani aliyeanzisha maneno ya waragi, hadi leo hakopeshwi sukari dukani kwa shemeji.