Kifaa cha sikioni, wiki ya sita

Wiki hii wimbi la mapigo ya damu limenigeuzia kibao.

Kwa aliyenikuta njiani: natengeneza kifaa cha kubana kwenye ndewe, kitambue rubani anapozimia kwa sababu ya G, yaani mara ngapi uzito wake umezidishwa ndege ikikata kona kali. Hesabu iko ukurasa wa kwanza wa daftari. Ubongo uko kama sentimita 30 juu ya moyo, na kupandisha damu hadi huko hula shinikizo la milimita 22 hivi za zebaki. Ndege ikikata kona kwa G 5, ile 22 inakuwa 110, na moyo unasukuma kwa 120 tu. Akiba ya oksijeni ubongoni ni ya sekunde tano hivi. Ikiisha, ndege haina mwenyewe kwa karibu nusu dakika.

Mimi sina ndege. Nina bembea chini ya mwembe hapa Makorora, na mpwa wangu. Bembea ikiachiwa kutoka nyuzi 60, ikipita chini inafika G 2. Kihisi cha mwendo kilisoma 1.8, nikaridhika. Kilichonitesa ni mapigo. Waya ukicheza, skrini inachora mapigo ambayo moyo haukupiga. Na kibanio cha nguo nilichotumia kilibana mno. "Mjomba, sikio linakufa ganzi!" Kumbe nakamua damu mwenyewe, halafu naitafuta.

Nikahamia mezani. Kihisi cha mapigo, kinachomulika ngozi na kusoma mwanga unaorudi, kidoleni, mkono juu ya kichwa: shinikizo lipungue, wimbi lishuke. Likakua! Nikabadilisha betri, nikabadilisha mkono, likakua tena. Usiku ndipo nikaelewa. Shinikizo likipungua mshipa unalegea, na mshipa uliolegea hutanuka zaidi kila pigo likipita. Wimbi hufa mwishoni kabisa. King'ora changu, kilichosubiri wimbi lishuke, kingemtazama rubani akizama na kunyamaza.

Sasa nafuatilia mwanga wa wastani unaorudi: damu ikipungua, mwanga unaongezeka. Kihisi cha pili nimekiweka kwenye kofia, maana shingo ya aliyezimia hulegea. Wamarekani wao walipita kando: tangu 2014 ndege zao za kivita za F-16 zina mfumo unaoiangalia ardhi, na ndege ikikaribia kugonga unainyanyua wenyewe. Mwaka 2016 ulimwokoa mwanafunzi wa urubani aliyezimia angani Arizona. Ni busara, ila mimi bado nalitaka sikio.

Jumamosi: sponji badala ya kibanio, waya ufungwe kwenye ukosi. Mpwa amekubali, kwa sharti la maandazi manne.