Ekseli ya Mbele ya Suzuki Samurai: Kubaki Nayo au Kubadilisha

Wengi wanaoandaa Suzuki Samurai, gari dogo la 4x4, kwa ajili ya matope na mawe hukimbilia ekseli ya mbele ya Toyota Hilux ya zamani, nami siwalaumu, kwa kuwa shafti zake ni nene na difu yake (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) hustahimili matairi makubwa. Hata hivyo, kwa matairi ya kiasi naona ekseli ya Samurai yenyewe inatosha, mradi dereva asikanyage mafuta kwa nguvu huku usukani umekatwa hadi mwisho, maana hapo ndipo jointi iliyo nyuma ya gurudumu hupasuka.

Anayechagua Hilux ajue kwamba habu zake (vitovu vya magurudumu) zina stadi 6, yaani bolti za kufungia gurudumu, ilhali za Samurai zina 5, na uwiano wa gia za difu mara nyingi hutofautiana, ilhali wa mbele na wa nyuma lazima ulingane, hivyo difu ya nyuma nayo itabidi ibadilishwe.

Kazi nyeti kuliko zote ni kulehemu vikalio vya springi, yaani vipande vya chuma juu ya ekseli ambapo springi hukaa. Vishikizwe kwanza kwa nukta chache tu, gari lishushwe likalie magurudumu kwa uzito wake wote, kisha pembe ya kingpini (mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia) ipimwe. Isipolala nyuma digrii chache, usukani hautarudi wenyewe baada ya kona. Ndipo ulehemu vipande vifupi, upande huu kisha ule, ili bomba la ekseli lisipindike kwa joto.