Daftari la mapokezi

Kipigo kilichonizindua kilikuwa cha voliboli, seti 3 kwa 0. Wageni wetu walitoka bara, wasichana warefu wenye mabega, na katika seti ya pili mmoja wao alisimama nyuma ya mstari akampigia sevu 7 mfululizo binti mmoja tu wa kwangu, aliyekuwa nafasi ya 5, nyuma kushoto. Kila mpira ulimgonga mikononi ukaruka kando kuelekea mivinje. Mimi nilikuwa pembeni napiga kelele: "Kunja magoti! Inua mikono! Amka!" Kabla ya sevu ya nane nikamtoa. Alipita mbele yangu bila kuniangalia, akakaa kwenye nyasi, akajifunika leso uso mzima. Wiki iliyofuata hakuja mazoezini.

Huo ulikuwa mwaka 2013, nami nilikuwa mwaka wa nne nikifundisha voliboli ya wasichana katika chuo cha ualimu huku Pwani ya Kenya. Nilijiona najua mchezo, kwa kuwa niliucheza shuleni mwishoni mwa miaka ya 1990. Lakini enzi zetu timu ilipata pointi ikiwa yenyewe ndiyo imepiga sevu, na seti iliishia 15. Ukipokea vibaya ulipoteza pointi, lakini ukishairudisha sevu kwenu wapinzani hawakuweza kuongeza, nanyi mliweza kujikusanya na kulipiza kwa mashambulizi. Sheria ikabadilika: kila mpira unaokufa ni pointi ya mtu, na seti inaishia 25. Anayepokea vibaya sasa hana tena nafasi ya kulipiza bila mpinzani kuendelea kupata pointi. Mimi niliendelea kufundisha mchezo wa ujana wangu. Saa nzima tulichapa mipira juu ya wavu, kwa sababu wasichana walipenda na mimi nilipenda, kisha dakika kumi za mwisho, giza likiingia, ndipo tukakumbuka kupokea.

Nilimfuata yule binti bwenini. Nilikwenda nikiwa na maneno yangu ya kumtia moyo, lakini yeye ndiye aliyenifundisha. Alisema, "Mwalimu, ulikuwa unaniambia niamke. Mimi sikuwa nimelala. Sikujua tu mpira utaangukia wapi."

Sentensi hiyo nilitembea nayo siku kadhaa. Niliona haya, kwa sababu sikuwa na jibu. Hata mimi sikujua mpira ungeangukia wapi.

Nikanunua daftari la mistari la kurasa 96. Mchezaji mmoja alikuwa ameteguka goti, hawezi kuruka, basi nikamweka kwenye benchi ya mbao aandike kila sevu tunayopokea. Alama ni nne tu. Mpira ukimfikia seta, yule anayewapangia washambuliaji mipira, pale alipo, akaweza kumpa mshambuliaji yeyote, andika 3. Seta akilazimika kusogea lakini bado ana chaguo mbili, 2. Akibaki na njia moja tu, ya kuinua mpira juu pembeni na kuomba Mungu, 1. Mpira ukifa, 0. Makocha wa nchi nyingi hutumia kipimo cha namna hii, mimi sikukibuni. Nilichoongeza ni safu moja ya mwisho: upepo unatoka wapi.

Uwanja wetu hauna paa wala ukuta. Umekaa karibu na bahari, na kusi ikishika mwezi wa Juni hata sauti ya filimbi hupeperuka. Mpira wa voliboli una uzito wa gramu 260 hadi 280 tu, na sevu isiyozunguka huyumba hewani hata pasipo upepo. Baada ya majuma matatu tulikaa chini ya mwembe na daftari tukajumlisha. Upepo ukituvumia usoni, mapokezi yetu yalikuwa ya kuridhisha. Ukitoka nyuma yetu, yaliporomoka. Sevu za wapinzani zilikuja zikipambana na upepo, zikaishiwa nguvu hewani, zikaanguka hatua moja mbele ya mpokeaji. Na upande wa nafasi ya 5, ambako miti haikingi, ndiko sufuri zilikojaa, hata asimame nani hapo. Binti wangu hakuwa mvivu wala mwoga. Nilimsimamisha mahali pabaya kisha nikamkaripia kwa kuwa pale.

Nilimwambia hayo mbele ya wenzake. Niliona ni haki yake, kwa sababu nilimfokea mbele ya wenzake pia.

Tangu hapo mazoezi yakageuka. Sevu 100 kwanza, ndipo mtu aguse mpira wa kuchapa. Tuliacha kupanga wapokeaji watano, tukabaki na watatu wanaojuana: kila mmoja ajue mpira wa katikati ni wa nani, aite "Wangu!" kabla haujavuka wavu. Upepo ukiwa mgongoni, wote watatu wanasogea hatua moja mbele. Yule wa nafasi ya 5 akawa libero, mchezaji wa nyuma ambaye kazi yake ni kupokea na kulinda. Libero lazima avae rangi tofauti na wenzake, nasi hatukuwa na fedha za jezi nyingine, hivyo fundi mmoja wa mjini akatushonea fulana ya manjano kwa bei ya kitambaa tu. Mwaka uliofuata tulikutana na wale wale wa bara. Walitufunga tena, safari hii 3 kwa 2, na katika seti ya tano binti yule hakuandikiwa sufuri hata moja.

Na mimi nilijiwekea sheria. Mpira ukiwa hewani, sisemi. Kocha ana mapumziko mawili kwa seti, sekunde 30 kila moja, na sekunde hizo zinatosha. La kwanza naliacha kwa wachezaji: "Mmeona nini?" Wao wako ndani, upepo unawapiga usoni, wanaona bega la mpiga sevu likigeuka. Nikiwajaza maneno yangu, yao hayapati pa kupita. Hawa ni walimu watarajiwa, na siku moja watasimama mbele ya watoto arobaini. Namna ninavyomsahihisha mmoja wao leo ndivyo atakavyomsahihisha mtoto wa darasa la pili kesho, jambo ambalo linanikosesha usingizi kuliko kombe.

Kuna la wazazi pia. Mama mmoja alikuja chuoni kutoka upande wa Kwale, akanisalimu vizuri, tukanywa chai, kisha akasema, "Mwalimu, sikatai mwanangu kucheza. Nakataa aruke na kaptura mbele za watu." Nilimjibu, "Mama, hilo halina ugomvi." Nikamwonyesha suruali ndefu na mtandio wa kufunga kwa nyuma, maana mchezo wenyewe haumlazimishi msichana kujivua heshima yake. Binti alicheza hadi akamaliza. Mama alikuja mara mbili kutazama.

Mwaka 2021 tuliwatazama Malkia Strikers, timu yetu ya taifa ya wanawake, kwenye Olimpiki ya Tokyo, watu sita tumeinamia simu yangu. Kenya ilipoteza mechi zake zote 5. Wasichana walihuzunika, lakini nilitoa daftari tukaanza kuwaandikia Wajapani, ambao si warefu kama Waserbia au Wabrazili. Tatu, tatu, mbili, tatu. Nyuso zilibadilika. Waliona kwa macho yao kwamba mwili mfupi unaweza kucheza mbele ya ulimwengu ukiujua mpira wa kwanza.

Na Desemba 2024 nilisoma habari za Marekani nikalia peke yangu jikoni. Ubingwa wa voliboli ya wanawake wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo vikuu vya huko, ulianza 1981, na miaka yote hiyo hakuna kocha mkuu mwanamke aliyekuwa ameutwaa katika daraja la kwanza. Fainali hiyo Penn State ilikutana na Louisville, timu zote mbili zikifundishwa na wanawake. Katie Schumacher-Cawley wa Penn State alishinda seti 3 kwa 1, akiwa amefundisha msimu huku akitibiwa saratani ya matiti. Timu yetu ya taifa nayo kwa miaka mingi imekuwa mikononi mwa wanaume. Nakala ya habari ile niliibandika ndani ya jalada la daftari, la tisa sasa.

Zamani, wakati wa cheti cha P1 cha ualimu wa shule za msingi, nilipoteza timu nzima kila baada ya miaka miwili. Stashahada imenipa mwaka wa tatu, ingawa mazoezi ya kufundisha hunichukulia wachezaji katikati ya msimu. Mwezi uliopita mmoja wao aliniandikia kutoka shule ya msingi aliyopangiwa. Amefunga kamba kati ya minazi miwili, ana mpira mmoja, na ameshampa mtoto daftari. Akauliza: "Mwalimu, mtoto amepokea kwa kichwa, mpira ukamfikia seta sawasawa. Niandike ngapi?"

Nikamjibu: andika 3.