Kamera ya mtego katika lupango: namna ya kuichagua na mahali pa kuitega

Wakazi wengi wa Lubumbashi wenye lupango (kiwanja cha nyumba chenye ua) yenye miti hudhani kwamba wanyama wa porini walikwishahama zamani, kwa kuwa mchana hawaoni zaidi ya kunguru, mijusi na paka wa jirani. Usiku hali ni nyingine kabisa. Kwetu, upande wa barabara ya Kasapa, ambako bado kuna vichaka, vichuguu virefu na viwanja visivyojengwa, hupita kanu, mnyama mdogo mwenye madoa anayefanana na paka, na panya buku, na mara chache komba anayeruka kutoka mwembe mmoja hadi mwingine; asubuhi, kabla kelele za barabara hazijaanza, nguchiro hukatiza nyuma ya jiko. Nimewafahamu kwa msaada wa kamera ya mtego, yaani kamera ndogo inayofungwa mahali pamoja na kupiga picha yenyewe kila mara kiumbe chenye joto kinapopita mbele yake. Ni chombo cha namna ileile wanachotumia watafiti katika hifadhi za taifa. Mwaka 2008 kamera kama hizo zilimpiga picha okapi ndani ya Hifadhi ya Virunga, ambako kwa miongo kadhaa watu walikuwa na shaka kama bado yupo.

Anayetaka kununua kamera hii anapaswa kukumbuka kwamba nyingi zimebuniwa kwa ajili ya mwindaji wa Ulaya au Marekani anayemngoja mnyama mkubwa katika msitu wa nchi ya baridi. Ndani ya lupango mnyama ni mdogo, yuko karibu, ana haraka, na mara nyingi anapita juu ya ukuta au chini ya ua. Kwa hiyo swali la kwanza, hata kabla ya bei, ni hili: unataka kumwona nani? Anayetafuta mwizi wa kuku na anayetaka kuwatazama ndege kwenye chombo cha maji hawahitaji kamera moja, wala hawataifunga mahali pamoja.

Idadi ya megapikseli inayoandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi ndiyo jambo ninalolitilia maanani kidogo kuliko yote. Kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi cha picha cha megapikseli chache tu, kisha programu huinyoosha picha hadi ifikie 20 au 30. Faili inakuwa nzito, kadi ya kuhifadhia picha inajaa upesi, na manyoya ya mnyama hayaonekani vizuri zaidi kuliko awali. Kinachofaa kuulizwa ni kasi ya kamera kuamka, yaani muda unaopita tangu ihisi joto hadi ipige picha. Kwa kanu anayetembea kwa kunyata, sekunde moja yaweza kutosha; kwa nguchiro, ambaye hukatiza uwanja kama mtu aliyesahau chungu motoni, kamera isiyoamka ndani ya nusu sekunde itakuletea mikia tu. Uliza pia inachukua muda gani kuwa tayari tena baada ya picha ya kwanza, kwa sababu nguchiro wengine hutembea kwa makundi, na wa kwanza si lazima awe ndiye wa kupendeza.

Taa ya usiku ina aina mbili kuu. Ile ya nanomita 850 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) humulika mbali zaidi, lakini mtu akiitazama gizani ataona vidoa vyekundu hafifu. Ile ya nanomita 940 haionekani kwa macho yetu, ingawa mwanga wake haufiki mbali. Kwa lupango nachagua ya pili bila kusita: umbali wa mita tatu au nne hauhitaji taa yenye nguvu, na vidoa vyekundu vinavyowaka juu ya ukuta usiku wa manane huwatia watu wasiwasi kuliko vinavyowatia wanyama. Kamera zinazotuma picha kwa simu, zenye kadi ya mtandao ndani, ninaziacha kwa wenye mashamba ya mbali, kwani mtu anayeweza kufika kwenye kamera yake akiwa amevaa kandambili hana haja ya kulipia vifurushi vya intaneti kila mwezi. Fedha hizo ni afadhali ziende kwenye betri.

Kuhusu betri lazima niseme zaidi kidogo, kwa sababu sokoni za bandia ni nyingi. Kamera hula betri kidogo mchana na nyingi usiku, pale taa inapowaka. Betri dhaifu huonekana kwanza katika picha za usiku, ambazo huwa za giza ilhali za mchana bado ni safi. Betri za kuchaji hutoa volti 1.2 badala ya 1.5, na kuna kamera zisizoridhika nazo, kwa hiyo soma kijitabu kabla ya kununua. Za lithiamu ni ghali, lakini hushikilia nguvu yake karibu hadi mwisho, na kwa mahali ambapo umeme wa kuchajia haueleweki, gharama hiyo naiona ni ya haki.

Sasa mahali pa kuifunga. Maelekezo mengi yanasema kamera ielekezwe kaskazini, ili jua lisiipige machoni. Ushauri huo ni sahihi kwa Paris au Chicago. Lubumbashi iko kusini mwa ikweta, kwenye nyuzi 11 na ushei, na tangu mwishoni mwa Februari hadi karibu na mwisho wa Oktoba jua la adhuhuri linakuwa upande wetu wa kaskazini. Kwa hiyo sisi tunaielekeza kusini. Katika miezi ya mvua jua huhamia kusini kidogo, lakini wakati huo liko karibu utosini na halidhuru sana. Mashariki na magharibi ni pabaya mwaka mzima, kwa kuwa jua la asubuhi na la jioni huingia moja kwa moja katika lenzi, hasa saa zilezile ambazo wanyama wanatembea.

Kihisi cha joto, kinachoiamsha kamera, hakioni mnyama. Kinahisi tofauti kati ya joto la mwili wake na joto la kile kilicho nyuma yake, tena tofauti hiyo ikiwa inasogea. Ndiyo maana usiku wa Juni na Julai, wakati baridi yetu inapong'ata, hata panya buku hutambuliwa kwa urahisi, ilhali alasiri ya Oktoba, ukuta wa matofali ukiwa umechemka kwa jua, mnyama aweza kupita bila kamera kuamka. Ndiyo maana pia majani ya mgomba yaliyopashwa joto na jua, yakipepea kwa upepo, hujaza kadi kwa picha za majani matupu. Kata nyasi ndefu na matawi yanayoning'inia mbele ya kamera, kwa umbali wa mita mbili angalau. Jani moja lililo karibu na taa hurudisha mwanga wote, na picha yote ya usiku inakuwa nyeupe.

Ifunge kwa kimo cha goti au chini yake, sentimita 30 hadi 50 kutoka ardhini, na uielekeze kwenye njia kwa mshazari. Mnyama anayekatiza mbele ya kihisi kutoka upande hadi upande hutambuliwa mapema, lakini yule anayeijia kamera uso kwa uso huchelewa kutambuliwa. Mshazari hukupa wote wawili, tena hukupa ubavu wa mnyama, ambao ndio wenye alama za kumtambulisha. Picha ninayoipenda kuliko zote ni ya kanu juu ya ukuta wetu, ambao umepandwa vipande vya chupa: ameweka mguu wa mbele katika nafasi kati ya vipande viwili, wa nyuma bado uko hewani, na mkia wenye pete nyeusi umenyooka kabisa nyuma yake. Kwa kumpata huyo kamera ilipanda juu, kwenye tawi lililo sambamba na ukuta, kwa sababu kanu wetu hapendi kushuka chini pasipo sababu.

Kigingi cha mti, ukikisimika ardhini, kitaliwa na mchwa kabla ya masika kwisha. Tumia kipande cha nondo, au ufunge kamera kwenye shina la mti ulio hai, mnene, usioyumba. Fungua kifuniko mara kwa mara pia, maana sisimizi hupenda kuingia humo na kutaga mayai juu ya betri.

Jambo la majirani lishughulikiwe kabla ya kamera kufungwa. Mama mmoja tunayepakana naye alipoiona aliniuliza, "Papa, ile kitu inatuona mpaka kwetu?" Lilikuwa swali la haki, kwa kuwa bafu lao liko nje, karibu na ukuta. Nilimwonyesha picha zote katika simu, nikaigeuza kamera iangalie ndani ya kiwanja chetu peke yake, na tangu hapo yeye ndiye anayeniletea habari za nyayo anazozikuta karibu na banda lake.

Kabla ya kuiacha, sawazisha saa: Lubumbashi inatangulia Kinshasa kwa saa moja, na picha yenye saa isiyo sahihi haikusaidii kujua mwizi anakuja lini. Kisha mwombe mtoto apite mbele ya kamera akitambaa kwa mikono na magoti, polepole na kwa kasi, huku wewe ukitazama kitaa cha majaribio kikiwaka. Watoto wa dada yangu wanaifanya kazi hiyo kwa bidii kupita kiasi, na folda ya kwanza ya kila kadi imejaa nyuso zao.