Baiskeli ya mbio dhidi ya saa: natafuta mkao, Bombo, Uganda

Januari. Vipimo vya kuanzia

Mbio dhidi ya saa ni zile ambazo kila mwendeshaji huanza peke yake na kupimwa muda. Baiskeli yangu ni ya mtumba, na aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa na miguu mirefu kuliko mimi. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa, pedi za viwiko, vile vimito vya mbele vya kuegemezea mikono, zimeshushwa hadi mwisho. Ukiitazama imeegemea ukutani inavutia. Ukiipanda, unapumua kwa shida kabla hujafika kituo cha mafuta.

Sijagusa spana kabla ya kuandika vipimo vitatu: urefu wa kiti kutoka katikati ya ekseli ya pedeli (ile ya chini ya fremu ambayo pedeli zote mbili huizunguka), umbali wa pua ya kiti nyuma ya ekseli hiyo, na tofauti ya kimo kati ya kiti na pedi. Cha pili nimekipata kwa timazi, yaani uzi uliofungwa nati, ukaning'inizwa kutoka puani mwa kiti hadi sakafuni. Pimamaji nimeazima kwa jirani mwashi, kwa sababu sakafu ikiinama kidogo tu, vipimo vyote vinadanganya.

Urefu wa kiti nimeanza na hesabu ya zamani iliyopata umaarufu kupitia Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France: urefu wa mguu kwa ndani, kuanzia msambani hadi chini, mara 0.883. Mimi nina sm 82, kwa hiyo sm 72.4. Hesabu hiyo ilitungwa kwa baiskeli za kawaida za barabarani, basi hapa ni mahali pa kuanzia tu.

Februari. Kiti

Hapa ndipo mwezi wote umeishia, na sijutii.

Wengi wanaonishauri wanaanzia mbele: shusha usukani, lala chini, upepo upite juu. Ni kweli kwamba kwenye tambarare, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, upepo ndio unaokula sehemu kubwa kabisa ya nguvu zako, na kinachoukinga zaidi ni mwili wenyewe, si baiskeli. Lakini ukishusha kifua huku makalio yakibaki nyuma, pembe kati ya paja na kiwiliwili inafungwa. Goti linapanda hadi tumboni, pumzi inakatika, mgongo unajikunja kutafuta nafasi. Baada ya kilomita chache unainuka, na kifua chako ndicho kinachoupokea upepo wote.

Dawa ni kuuzungusha mwili mzima kwenda mbele, ekseli ya pedeli ikiwa ndiyo kitovu. Kifua kinashuka, makalio yanasogea mbele, na pembe ya nyonga inabaki ileile uliyoizoea. Ndiyo maana fremu za namna hii zina nguzo ya kiti iliyosimama zaidi, digrii 76 hadi 80 hivi, wakati ya kawaida inakaribia 73. Nimesogeza kiti mbele sm 3. Ukikisogeza mbele unakikaribisha pia na pedeli, kwa hiyo kila sm 1 nimekiinua karibu mm 3.

Tatizo likahamia kwingine. Nyonga ikizunguka mbele, hukalii tena mifupa ya makalio, unakalia msamba, na ganzi inakuja haraka. Ganzi si jambo la kuvumilia kiume. Ni mishipa inayobanwa. Nimepata kiti kifupi chenye pua iliyopasuliwa katikati, na nikakiinamisha mbele digrii 2. Mzee fundi wa baiskeli hapa Bombo alikigeuza mikononi akaniuliza, "Mwanangu, hiki kimeliwa na panya?" Nikamwambia ndivyo kilivyotoka kiwandani. Akacheka, lakini alipokikaza alikipima mara mbili.

Ufupi wake una faida nyingine. Kwa miaka mingi kanuni za UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, zilitaka pua ya kiti iwe angalau sm 5 nyuma ya ekseli ya pedeli. Kiti kifupi kinakuruhusu kukaa mbele zaidi bila kuvunja kanuni kama hiyo. Mimi sijafika huko, ila sitaki kuzoea mkao ambao siku moja nitaambiwa niubadilishe kwenye mstari wa kuanzia.

Machi. Viwiko

Haya yamekwenda haraka. Pedi nimeziinua kwa pete za sm 4, na nimezirudisha nyuma hadi uzito ukalie nyama ya mkono mbele kidogo ya kiwiko, si ncha ya kiwiko. Mkono wa juu ukisimama karibu wima, mfupa ndio unaobeba. Ukinyooshwa mbele, bega ndilo linalobeba, na bega huchoka. Pembe za kushikia, yaani vishikio viwili vinavyotokeza mbele ya pedi, nimezielekeza juu kidogo, zinanizuia kuteleza mbele kitini.

Rafiki yangu mmoja ananicheka kwamba nimeinua usukani kama baiskeli ya kubebea matoke. Acha acheke. Septemba 2025, Kigali, kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani ya kwanza kufanyika barani Afrika, Mbelgiji Remco Evenepoel alishinda mbio dhidi ya saa za kilomita 40.6 na akampita njiani Tadej Pogačar wa Slovenia aliyekuwa ameanza kabla yake. Nilichokodolea macho kwenye video ni kichwa na mabega yake: havichezi. Mtu asiyeona raha hawezi kutulia vile.

Aprili. Barabarani

Najaribia barabara ya Gulu, Bombo hadi Wobulenzi, alfajiri, kabla malori hayajajaa. Tambarare zina urefu wa kutosha kukaa kwenye pedi dakika ishirini mfululizo, na hicho ndicho kipimo changu: je, naweza kukaa humo bila kuinuka? Sasa naweza. Penye matuta na vituo vya bodaboda narudi kwenye usukani mapema, kwa sababu breki ziko huko, mbali na vidole. Mkao wowote unaokufanya usite kuuacha ni mbaya kwa barabara zetu, hata ukiwa na kasi kiasi gani.

Linalobaki ni shingo. Kuinua kichwa ili nione mashimo kunaiumiza kuanzia Wobulenzi kurudi. Sitaki kupandisha pedi zaidi, basi nitajaribu kranki (ile mikono inayoshika pedeli) za mm 165 badala ya 170. Kranki ikipungua mm 5, kiti kinapanda mm 5, na juu kabisa ya mzunguko nyonga inapata nafasi ya mm 10. Nafasi hiyo naweza kuitumia kuzungusha nyonga zaidi, mgongo unyooke, na shingo isilazimike kujipinda sana. Mzee fundi anasema anazo za chuma, za baiskeli ya watoto. Kwanza nitapima kama nyuzi za skrubu za pedeli zinalingana.