Nepi za Kipupwe

Juzi usiku binti yangu aliniita kutoka chumbani. "Mama, mikono ya mtoto imekuwa baridi. Hebu niletee hilo jiko, tukaushe na nepi zake hapo hapo."

Nilikuwa uani napepea mkaa wa chai. Nikamjibu hapana, kwa ukali ulionishtua mwenyewe. Nikampelekea blanketi, na kofia ya uzi ya mtoto, na soksi. Jiko sikulipeleka. Wakati wa kutoka nikasukuma dirisha likabaki wazi kiasi cha vidole vinne.

"Mama, wewe na madirisha mna nini?"

Nikamwambia alale. Ilikuwa siku ya ishirini na mbili tangu ajifungue, na mzazi aliye ndani ya arobaini hapewi habari za kumtia hofu. Yeye alilala. Mimi nilikaa kitandani nasikiliza mvua.

Wenzetu wa Lushoto hutucheka tukisema Tanga kuna baridi. Wao wako juu, mita 1,400 hivi, Julai watoto wao wanavaa sweta mbili kwenda shule. Kwetu usiku joto likishuka mpaka nyuzi 20 tumeshajifunika gubigubi. Lakini baridi ya pwani haipimwi kwa nyuzi, ni unyevu. Upepo wa kusi ukishika kasi na rasharasha zake za ghafla, chumvi inalowa ndani ya kopo, kiberiti hakiwaki, ukuta unatoka jasho. Nepi ya pamba ukiianika Jumatatu, Jumatano uiweke shavuni, bado mbichi. Mama aliyelea kwenye kipupwe anaijua hiyo ya kuweka nepi shavuni. Mkono unadanganya, shavu halidanganyi.

Ilikuwa Julai 2003. Tulikuwa tumepanga Ngamiani, chumba kimoja kwenye nyumba ya korido, vyumba huku na huku, uani nyuma. Baba yao alikuwa dereva wa Fuso, na Julai ni msimu wa machungwa Muheza, kwa hiyo hatukumwona. Leo Dar es Salaam, kesho kutwa Horohoro kuvuka kwenda Mombasa. Alikuwa akipita usiku, anashusha nusu gunia la machungwa nyuma ya mlango, anawabusu watoto wamelala, anaondoka.

Babu alikuwa na miaka minne. Amepewa jina la mkwe wangu, na mimi jina la mkwe silitamki, basi tangu azaliwe ni Babu. Mdogo wake, huyu huyu anayeniuliza habari za madirisha, alikuwa na miezi mitatu.

Siku za mvua nilikuwa nazo hivi: asubuhi namsubiri Babu amalize uji ndipo nimwogeshe kwenye beseni, maji ya vuguvugu, mlango umefungwa. Halafu nampaka kifuani na nyayoni mafuta ya nazi niliyoyachemsha na kitunguu saumu, na kutwa nzima ananukia kitunguu. Hapo mdogo wake ameamka. Nikimaliza kumnyonyesha, Babu ameshachukua machungwa anayabingirisha kwenye korido, moja baada ya jingine, mpaka kwenye mlango wa mama mwenye nyumba, ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa. Bi Mkubwa hakuwahi kumgombeza. Alikuwa akiyakusanya kwenye upande wa khanga, anayarudisha, na Babu anaanza upya. Mchana unapita hivyo, jua halionekani, na kila ninapogeuka kuna nepi nyingine kwenye ndoo.

Siku ya nne ya mvua nilibakiwa na nepi mbili kavu.

Jioni nilipika uani chini ya banda, na nilipoepua chungu mkaa ulikuwa umeiva vizuri mno, mwekundu, una jivu jeupe juu kama unga. Niliona hasara kuuacha. Nilikuwa nimesikia tangu utotoni kwamba jiko ndani ni hatari likiwa linatoa moshi, na hili halikuwa na moshi hata kidogo. Nilisubiri makusudi mpaka usiwepo. Ndipo nikaliingiza chumbani, nikalifunika tenga la kufukizia nguo, nikatandaza nepi juu yake zote kumi na nne. Nikatupia ganda kavu la chungwa na kipande cha udi. Chumba kile Bi Mkubwa alikuwa amekitia dari mwaka ule. Nikaziba nafasi ya dirishani kwa shuka, nikaviringa khanga kuukuu nikaiweka chini ya mlango upepo usipite. Nilipomaliza nilikaa kitandani nikaangalia kazi yangu. Pamba inayokauka ina harufu yake, imechanganyika na sabuni ya kipande na lile ganda la chungwa, na watoto wangu wawili wamelala hawajakunja miguu kwa baridi. Sikuwa nimejisikia mama mzuri hivyo wiki nzima.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipomsikia.

"Mama, nna mkojo."

Nilimsikia. Kila neno nililisikia, na sikuweza kumjibu. Nilitaka kusema subiri, ulimi ukawa kama si wangu. Akanivuta mkono. Mkono ulikwenda alikouvuta, akauachia, ukaanguka. "Mama, kichwa chaniuma." Nilikuwa najua kwamba nimelala na najua kwamba natakiwa niamke, na vitu hivyo viwili vilikaa mbali mbali, kama watu wawili wasiojuana.

Wiki ile Babu alikuwa ameacha kopo. Alikuwa amejitangazia nyumba nzima kwamba yeye sasa ni mkubwa, anakwenda chooni uani. Kopo lilikuwepo chini ya kitanda, angeweza kulitumia, akarudi kulala. Hakulitumia. Nikasikia miguu yake ikigusa saruji.

Komeo la mlango nililipandisha juu kwa sababu yake, alikuwa hodari wa kutoroka kwenda barazani. Hakulifikia. Kukawa kimya. Halafu nikasikia kitu kinaburutwa. Kwaruu. Kikasimama. Kwaruu tena. Ilikuwa mbuzi yangu ya kukunia nazi, iliyokaa chini ya meza, na mbuzi ile ni ya mvule, nzito, mimi mwenyewe huibeba kwa mikono miwili. Akiburuta kidogo, anapumzika. Nasikia pumzi zake. Anaburuta tena. Kutoka mezani mpaka mlangoni ni hatua nne za mtu mzima, na mimi nilizisikiliza zote nikiwa nimelala chali, macho nusu wazi, naona wekundu wa jiko kupitia matundu ya tenga, na simsaidii.

Kisha chuma cha komeo. Kililia mara moja, kikakwama. Kikalia tena.

Mbuzi ikapinduka, Babu akaanguka nayo, na mlango ukafunguka.

Mlango wa uani wa nyumba ile ulikuwa haufungwi usiku kwa ajili ya wapangaji wanaokwenda chooni, kwa hiyo korido nzima ilikuwa njia ya upepo. Ukaingia wote. Ulikuwa wa baridi, una harufu ya mvua na ya bahari, ukanipiga usoni. Baada ya muda nisioujua niliweza kuinuka. Na jambo la kwanza nililoliona ni mlango wazi na baridi inaingia kwa mtoto wangu mchanga, na Babu yuko sakafuni amejikojolea.

Nilimpiga. Nilijikokota mpaka pale nikishika ukuta, kichwa kinapasuka, nikampiga kibao cha mgongo kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. "Umeacha mlango wazi! Mdogo wako ataingia baridi!" Hakulia. Aliniangalia. Kaptula imelowa, damu inamtoka ugokoni yalipomchana meno ya mbuzi, na mkono mmoja bado umeishika mbuzi kana kwamba ataniuliza airudishe wapi.

Nilipogeuka nifunge mlango magoti yakakatika. Nikatapika pale pale.

Bi Mkubwa ndiye aliyeelewa. Alitoka na kandili kwa sababu ya kelele, akaliona jiko, akaona dirisha lilivyozibwa, akapiga ukelele ambao ninausikia mpaka leo: "Mwana! Mtoe mwana!" Hakunisubiri. Alinivuka, akamchukua mtoto kitandani, akakimbia naye uani. Mimi nikafuata kwa magoti, Babu amenishika nguo. Mtoto alikuwa ametepeta mikononi mwake kama nguo iliyotoka kwenye maji. Bi Mkubwa alimshika kichwa, akamwelekeza uso juu, rasharasha zikawa zinamdondokea kwenye kope. Alikuwa anamwita kwa jina, taratibu, kama anayemwamsha mtu kwa daku. Majirani walitoka. Mtu mmoja akalibeba jiko na tenga lake akalitupa uani, nepi zote zikaenda kwenye tope.

Halafu mtoto akalia. Kilio chembamba, cha hasira. Sijapata kusikia sauti nzuri kama ile.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Tulinyweshwa maziwa, ndiyo dawa tuliyoijua. Kulipopambazuka tukaenda hospitali, na nesi mmoja, mama mtu mzima, akanikalisha akanieleza bila kunikaripia. Kwamba mkaa unaowaka mahali penye hewa finyu hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na mkaa ulioiva usio na moshi unaitoa vile vile. Kwamba inaishika damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni inavyoishika, na ndiyo maana mwili unalegea huku mtu anadhani ni usingizi. Kwamba mtoto mchanga anavuta pumzi haraka kuliko mtu mzima, basi yeye hutangulia. Na kwamba si maziwa yaliyotuokoa. "Nani alifungua mlango?" akaniuliza.

Nikamwonyesha Babu. Alikuwa amesinzia kwenye benchi, ugoko umefungwa bendeji.

Nesi akamwangalia kitambo. Hakusema neno, akampapasa kichwani, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Baba yao aliporudi nilimwambia moshi ulitusumbua kidogo. Bi Mkubwa alinisitiri, na sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Babu sikumwambia kitu. Alikuwa mdogo, nikasema akikua. Akaanza shule, nikasema bado. Kila kipupwe nilikuwa nasema mwaka huu, na mvua inaisha, jua la Septemba linarudi, nguo zinakauka nusu siku, nami nasahau au najisahaulisha.

Miaka miwili iliyopita alikuja na mchumba wake kututambulisha. Nilikuwa nachambua mchicha, wao wako barazani wanacheka, yule mchumba akamwuliza kovu la ugokoni amelipata wapi. Nikamsikia Babu akijibu, "Nilianguka na mbuzi usiku. Mama akanichapa kwa sababu nilijikojolea." Alilisema kwa upendo, kama tunavyosema mambo ya utotoni. Wakacheka tena. Mkono wangu ukasimama juu ya mchicha. Hicho ndicho alichobakiwa nacho cha usiku ule, kwamba alijikojolea akachapwa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikutoka pale pale barazani nikasema. Labda niliogopa mchumba wake atanionaje. Lakini kuna jingine. Ninajiuliza kama kumwambia ni kumlipa yeye haki yake, au ni kujitua mimi mzigo na kumpa yeye aubebe: kwamba akiwa na miaka minne alibeba nyumba nzima na malipo yake yakawa kibao. Mtu mzima anaweza kusamehe. Yule mtoto aliyeniangalia pale sakafuni sijui nitampata wapi nimwombe msamaha.

Babu alifika jana, Ijumaa, baada ya swala, kumwona mpwa wake. Ameleta machungwa, ya Muheza hayo hayo, na paketi tatu za pampasi ambazo dada yake hatazitumia kwa sababu zinamtoa mtoto vipele. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko ndipo akampakata. Akakaa naye hivyo muda mrefu, bila kusema, kidole chake kimeshikwa na kile kiganja.

Halafu akainuka, mtoto bado mikononi, akaenda dirishani akalifunga.

"Mama, ataingia baridi huyu."

Dada yake akaniangalia. Nikaenda nikalifungua, vidole vinne. Babu akageuka kunitazama, na kwa kitambo kidogo yalikuwa macho yale yale.

"Mpe mama yake mtoto," nikamwambia. "Njoo uani unikunie nazi."

Mbuzi ni ile ile, mguu mmoja nimeufunga waya. Aliibeba kwa mkono mmoja. Akapandisha suruali, akaikalia, akashika kifuu akaanza kukuna, kovu linaonekana wazi, jeupe, urefu wa kijiti cha kiberiti. Rasharasha zilikuwa zimekatika na nepi kwenye kamba hazikuwa zinatikisika.

Nikavuta kigoda nikakaa karibu naye.