Ukungu kwenye kitazamio cha kamera ya filamu: safisha vyote ila kioo kimoja

Ukichungulia kwenye kitazamio, yaani kidirisha cha kulengea, cha Yashica Electro 35 au Canonet ya zamani (kamera za Kijapani ambazo hulenga kwa kulaza picha mbili pamoja ndani ya kitazamio), mara nyingi dunia huonekana kama imemwagiwa maziwa. Grisi ya zamani hutoa mvuke kwa miaka mingi, na mvuke huo ukaganda kwenye vioo vya ndani pamoja na vumbi. Kamera iliyokaa kabatini Entebbe au Jinja, karibu na ziwa, hupata na kuvu pia, inayofanana na utando wa buibui.

Ili kufikia vioo hivyo, utaondoa mfuniko wa juu wa kamera. Anza na bisibisi. Skrubu za Kijapani zina msalaba wake, na bisibisi ya kawaida huteleza ikazila vichwa. Tafuta inayokaa barabara, kisha ubonyeze kwa nguvu kabla ya kuzungusha. Ili kutoa kishikio cha kurudishia filamu, fungua mgongo wa kamera, zuia uma wa ndani kwa bisibisi, halafu zungusha kishikio kinyume cha saa. Kifuniko cha wenzo wa kuvutia filamu chenye vitundu viwili hufunguka kwa kipande cha mpira mgumu kilichokandamizwa juu yake. Piga picha kwa simu kila hatua, na panga vipande kwa mfuatano kwenye trei ya mayai. Kwenye GSN, toleo mojawapo la Electro 35, inua mfuniko taratibu: kuna waya za flashi, na zikikatika utahitaji kulehemu.

Sasa tahadhari kubwa. Ndani ya kitazamio kuna kioo cha mshazari chenye utando mwembamba sana wa metali, ndicho kinachochora ile picha ya pili ya kulengea. Usikifute. Utando ukizeeka hubanduka kwa mfuto mmoja wa pamba, na picha hiyo hairudi. Kipulize kwa pampu ndogo ya mpira, basi.

Madirisha ya mbele na lenzi ya jicho yafute kwa kijiti cha pamba chenye unyevu kidogo wa alkoholi ya isopropili, kuanzia katikati kwenda pembeni, kila mfuto kijiti kipya. Usitumie spiriti ya kusafishia vidonda, kwani aina nyingi zimetiwa mafuta ya nyonyo, wala sanitaiza yenye gliserini. Zote mbili huacha ukungu mpya, na watu hulaumu kioo bure.

Kabla ya kufunga, weka lenzi kwenye umbali usio na mwisho ulenge mnara wa Msikiti wa Kitaifa pale Old Kampala ukiwa kilima kingine. Picha mbili zisipolala pamoja, kuna skrubu ya kurekebishia. Izungushe kwa robo ya robo.

Kama picha ya kulengea bado ni hafifu, utando umechakaa. Gundisha kiduara cha plastiki nyeusi, milimita 3 hivi, katikati ya dirisha kubwa la mbele: kitapunguza mwanga pale, na picha ya pili itajitokeza.